Plagi Safi za Mzee wa Tanga

Kutoka Morogoro hadi Toronto nilitumia miaka kumi na saba, kwa sababu sikuwa nikienda Toronto. Nilikuwa naenda Tunduma kutengeneza malori kwa miezi mitatu. Tunduma ikanipeleka Lusaka, Lusaka ikanichosha, nikashuka Durban, nikakaa miaka sita nikifungua injini za boti na kusema kila Krismasi kwamba mwakani narudi nyumbani. Kutoka Durban nikaenda Maskati kwenye jenereta. Kule nilikuwa nalala chali juu ya vigae kwa sababu ya joto, nikikumbuka mvua inavyoteremka kutoka Milima ya Uluguru, na badala ya kukata tiketi ya kuifuata mvua ile nikajaza fomu za Kanada. Sijui kulieleza hili vizuri. Nikiwa mahali hulilia nilikotoka, na nikipewa nafasi ya kurudi huchagua kwenda mbele.

Safari ya mwisho ilichukua siku mbili na nusu na ndege tatu, mojawapo iliniacha. Nilifika Toronto mwezi wa kumi na moja nikiwa na shati la mikono mifupi, na sanduku langu halikufika. Lilikuja siku ya nne. Nilimpigia simu mtu wa mizigo asubuhi na jioni, na nadhani alishangaa, maana alipouliza ndani kuna nini cha thamani nilimtajia spana ya plagi. Ilikuwa spana ya bomba, ya zamani, niliyopewa na fundi aliyenifundisha Morogoro baada ya kumaliza kidato cha nne.

Fundi yule hakuwa na geji, yaani kipimo cha injini, hata moja. Alichomoa plagi ya pikipiki, ile inayotoa cheche ya kuwasha mafuta, akaigeuza juani na kuisoma kama mtu anayesoma barua. Ikiwa nyeusi na imelowa, injini inanyweshwa mafuta kupita kiasi. Ikiwa nyeupe kama chokaa, mafuta hayatoshi, hewa ni nyingi, na injini inajichoma yenyewe. Rangi anayoitaka ni ya karanga iliyokaangwa. Alikuwa akituambia kwamba plagi haidanganyi, mteja ndiye hudanganya. Niliibeba kauli hiyo mpaka Kanada, na huko ndiko ilikoniaibisha.

Nilipanga chumba ghorofa ya kumi na moja kwenye yale majengo marefu ya Barabara ya Dixon, na jirani mmoja akaniambia kuna Mhindi huko Mississauga anayetengeneza mashine za kukata majani wakati wa joto na pikipiki za theluji wakati wa baridi, na kwamba anasema Kiswahili kuliko sisi. Nilikwenda. Alikuwa mzee mwembamba wa Kiismaili, ana zaidi ya miaka sabini, mzaliwa wa Tanga. Kiswahili chake kilikuwa kama kimewekwa kwenye friji tangu alipoondoka: alisema motokaa, alisema gari moshi, na aliponiuliza natokea wapi nikajibu Morogoro, alitaka kujua kama stesheni bado inauza machungwa yaliyomenywa. Akanipa kazi siku hiyohiyo.

Gereji yake ilikuwa safi kiasi cha kukera. Spana zililala kwa mpangilio wa ukubwa, na kila jioni zilifutwa moja moja. Baba yake alikuwa na duka la spea Tanga, na alimlea kwamba kitu chochote kinachokwenda mkononi mwa mtu, hata kama ni msumari, kinafutwa kwanza. Mzee alinisimulia hilo wiki ya kwanza. Nililisikia, nikalipita.

Pikipiki ya theluji, kwa asiyewahi kuiona, ina mikono ya kushikia kama pikipiki yetu, lakini mbele ina vibao viwili vya kutelezea na nyuma ina mkanda mpana wa mpira unaochimba theluji. Ya Mzee mwenyewe ilikuwa ya njano, ya zamani, injini ya kuchanganya petroli na oili, silinda mbili na kabureta mbili. Spea zake hazikuwa zikitengenezwa tena. Kila Jumapili ya baridi alikuwa akiipakia kwenye trela na kwenda ziwani kaskazini, mwendo wa saa moja na nusu, akaiendesha juu ya barafu peke yake. Mkewe alishakata tamaa ya kumkataza.

Akaniambia niitengeneze mafuta, kwa sababu inakunywa sana. Mimi sentensi hiyo naijua. Morogoro kila mwenye bodaboda husema hivyo, na dawa yake ni kubana: unapunguza mafuta kwenye kabureta, injini inalegea kidogo, mteja anafurahi. Nikabana. Nilibana ndani ya gereji, hita ikivuma mgongoni kwangu, injini ikaunguruma vizuri na mimi nikajisifu.

Jumatatu asubuhi Mzee aliweka pistoni juu ya meza yangu. Alikuwa ameifuta ikang'aa. Katikati ilikuwa na tundu ambalo kupitia kwake niliona kifungo cha shati lake.

"Dakika nne tu ziwani," alisema. "Fundi, hewa ya huku si ya Morogoro."

Hakugomba, na ingekuwa nafuu angegomba. Alinieleza polepole kwamba hewa ya baridi kali ni nzito, imejibana, inaingia nyingi kwenye injini, na kwa hiyo inataka mafuta zaidi. Nilichokuwa nimetengeneza kwenye joto la hita kilikuwa kiu tupu kilipofika nje kwenye nyuzi ishirini chini ya sifuri. Nilijua hivyo kwa akili. Mkono wangu ndio haukujua.

Ilimchukua wiki tatu za simu kupata pistoni nyingine. Mtu mmoja mbali huko kaskazini alikuwa nazo mbili kwenye boksi, hana zaidi, na Mzee aliuliza kila mahali pengine akakosa. Alizileta, akazifungua mbele yangu.

"Hizi ndizo za mwisho," alisema. "Zikiungua, hii njano naipandia maua uwani. Na wewe utanisaidia kumwagilia."

Alicheka, lakini nilielewa. Fundi anayeunguza pistoni ya tajiri wake mara ya pili hana tena la kufanya kwenye gereji ile. Tena alikuwa ameniambia, siku nyingine, bila mimi kuuliza, kwamba ziwani ndiko mahali pekee Kanada ambako hakuna anayemwambia akae chini apumzike.

Safari hii alinunua geji. Ilikuwa ya namba, ina nyaya mbili zinazoingia kwenye mabomba ya moshi, moja kwa kila silinda, inaonyesha joto la moshi unapotoka. Namba ikipanda mno, mafuta hayatoshi, zima haraka. Ikishuka mno, injini inazama kwenye mafuta. Mimi nikamweleza upande wangu: akimbize mashine kwa nguvu zote kwa umbali mrefu, aizime ghafla bila kuachia mafuta, asiirudishe polepole, kisha achomoe plagi palepale, aweke nyingine za kurudi nazo, na zile aniletee. Plagi iliyozimwa namna hiyo inakuambia injini ilikuwaje ikikimbia. Alirudia maelekezo neno kwa neno. Mimi sikwenda naye. Jumapili nilikuwa kanisani, na baada ya kanisa sikuwa na hamu ya kusimama juu ya maji yaliyoganda.

Jumatatu ya kwanza aliniletea plagi mbili ndani ya gazeti, na karatasi yenye namba za geji. Nikazisogeza dirishani. Nyeupe, zote mbili, safi. Nikaongeza jeti, yaani kile kijipande cha shaba chenye tundu linalopitisha petroli. Nikaweka chenye tundu kubwa zaidi. Namba za Mzee zilisema moshi ulikuwa baridi, lakini sikuzitilia maanani.

Jumatatu ya pili, nyeupe. Nikaongeza. Mzee akasema mashine inakwama ikianza na inatoa moshi mwingi. Nikamjibu kwamba injini yenye kiu nayo hukwama. Kuhusu moshi nilisema ni oili ya mwanzo inajichoma. Jumatatu ya tatu, nyeupe. Nikaongeza tena.

"Geji inasema baridi," alisema Mzee.

"Plagi inasema moto."

"Geji nimenunua mpya."

"Na plagi ni mpya vilevile."

"Basi mmoja wao mwongo," alisema, akaenda kufuta spana.

Siku ile niliuchomoa waya wa geji nikautumbukiza ndani ya birika la chai linalochemka. Ikasoma mia moja kamili. Mtu mwenye busara angekaa chini akafikiri. Mimi nilisema labda ni nzima kwenye maji na mbovu kwenye moshi. Mzee akamwaga chai yote na kulisugua birika mara tatu.

Jumatatu ya nne, nyeupe, na sasa tulikuwa hatuzungumzi sana. Alikula chakula chake cha mchana ndani ya gari. Mimi nilikuwa nalala vibaya. Nilikuwa nimefikia jeti kubwa kiasi kwamba kabatini ilibaki moja tu juu yake, na bado plagi zilikuwa zinaniambia pistoni za mwisho duniani zinaungua. Nilianza kumchukia fundi wangu wa Morogoro, marehemu, aliyekufa bila deni kwangu. Nilichukia baridi. Nilichukia namna watu wa mji ule wanavyokuuliza habari yako huku wanapita. Nilijiuliza kwa nini mtu mzima wa miaka arobaini na kitu amepanda ndege tatu ili asumbuliwe na kitu kisichobeba abiria wala mzigo, ambacho kazi yake ni kuzunguka ziwani na kurudi pale kilipoanzia.

Jumapili ya tano sikwenda kanisani. Nilipanda gari la Mzee nikiwa nimevaa suruali tatu.

Ziwa lilikuwa jeupe mpaka mwisho wa macho, na watu wachache wamekaa kwenye vibanda wakivua samaki kupitia matundu ya barafu. Mzee aliwasha. Mashine ilikohoa, ikajikokota, kisha ikaondoka na nyuma yake ukabaki moshi wa buluu mzito kama mtu anachoma takataka. Nilitazama moshi ule ukining'inia. Moyo wangu ukaanza kunong'ona jambo, nikaunyamazisha. Alikimbia mbali, akageuka, akaja kwa nguvu zote, akazima ghafla kama nilivyomfundisha, barabara kabisa, akasimama kama hatua mia moja kutoka nilipokuwa. Akainua kifuniko. Akachomoa plagi ya kwanza kwa utaratibu. Kisha akageuzia upepo mgongo, akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa kibrashi cha waya na kitambaa.

Nilikimbia. Juu ya barafu hakukimbiliki, nikaanguka, nikainuka, nikaanguka tena. Nilipomfikia alikuwa amemaliza ya kwanza na anaipuliza kwa mdomo.

"Mzee, unafanya nini?"

"Nachomoa plagi, kama ulivyosema."

"Na hilo brashi?"

"Nasafisha."

Nikamwuliza kama alisafisha na Jumapili zilizopita. Akaniangalia kama nimemtukana.

"Zote. Umewahi kuona plagi chafu kutoka kwangu?"

"Lakini kwa nini, Mzee?"

"Nikuletee kitu kichafu mkononi, kama mtu asiyelelewa?"

Niliketi juu ya barafu. Ya pili bado alikuwa hajaigusa. Nikaichukua. Ilikuwa nyeusi tii, imelowa, inang'aa, na ukiigusa inaacha mafuta kidoleni. Injini ilikuwa inazama. Wiki tano ilikuwa inazama, geji ikisema hivyo, moshi ukisema hivyo, Mzee mwenyewe akisema hivyo, na mimi nikisoma kazi ya brashi.

Nilitaka kugomba na nikakosa mahali pa kuanzia. Kwa sababu mikwaruzo ya brashi nilikuwa nimeiona. Niliiona Jumatatu ya kwanza kabisa, mistari myembamba juu ya chuma, na haikunishtua hata kidogo. Morogoro nimesugua plagi kwa msasa tangu nikiwa na miaka kumi na minane. Pikipiki ikikataa kuwaka, kitu cha kwanza unasugua plagi. Ikikubali, unasugua ili ikubali zaidi. Jicho langu lilishazoea kwamba plagi mkononi mwa fundi ni plagi iliyosuguliwa, na Mhindi wa Tanga, mtoto wa duka la spea, alikuwa amelelewa hivyohivyo. Fundi wa Kikanada angeitupa mezani ikiwa na masizi yake na mambo yangeisha Jumatatu ya kwanza.

"Ulisema nizichomoe," alisema Mzee, sasa kwa sauti ndogo. "Hukusema nisizifute."

"Sikusema."

"Ungesema."

"Nani anasema kitu kama hicho, Mzee?"

Akalirudisha brashi ndani ya koti.

Tulibadilisha jeti palepale. Nilivua glavu kwa sababu jeti ni ndogo kama punje ya mtama, na vidole vyangu vikafa kimoja kimoja. Tukashuka namba mbili, akakimbia, akazima, nikachomoa mimi. Nyeusi. Tukashuka tena mbili. Sasa moshi ulipungua na geji ikaanza kupanda, na kila inavyopanda Mzee aliweka kidole karibu na swichi, maana pistoni zile zilikuwa zake na zilikuwa za mwisho. Tulipoteza jeti moja kwenye theluji, tukaitafuta kwa magoti, wavuvi wakitutazama. Mara ya nne nikachomoa, na ya kulia ilikuwa rangi ya karanga. Ya kushoto ilikuwa imepauka kidogo, silinda ile ilikuwa na hamu zaidi kuliko mwenzake, nikaipa jeti kubwa kwa namba moja. Mara ya tano zilifanana.

Mzee alizitazama mkononi mwangu kwa muda mrefu. Nilijua anataka kuzifuta.

Alinilazimisha niendeshe. Niliendesha mpaka katikati ya ziwa na kurudi, machozi yameganda kwenye kope, na nikamwambia kwamba ni nzuri. Ukweli sikupata raha yoyote. Lakini yeye alipoondoka tena aliondoka bila moshi, na sauti ikawa moja, imenyooka, ikasikika hata alipokuwa nukta. Alikaa huko kama nusu saa. Nilimsubiri ndani ya gari, nikiwa na hasira bado, sijui ya nani.

Pistoni zilidumu msimu ule, na uliofuata. Kila Jumatatu aliniletea plagi chafu, lakini hakuzoea. Alizibeba kwa ncha za vidole, mkono umenyooka mbele, kama mtu anayetoa panya aliyekufa, na kuziweka mezani kwangu akisema, "Chukua uchafu wako." Baridi ikizidi tuliongeza namba, ikilegea tulipunguza. Hatukuwa na ugomvi mwingine wa maana, na labda hilo nalo lilichangia mimi kuondoka. Mambo yakikaa sawa mimi huanza kutazama ramani.

Msimu wa tatu kibali changu kilikuwa kinaelekea mwisho, na nilipochukua fomu za kukiongeza nikaziacha juu ya friji mwezi mzima. Nikamwambia Mzee narudi Morogoro. Aliniuliza nimepata nini huko. Nikasema sijapata kitu. Akasema mimi ni kiguu na njia, kwamba hata Morogoro sitakaa, na kwamba ataajiri mtu mwenye mke.

Siku ya kuondoka alisisitiza anipeleke yeye, ingawa kutoka Barabara ya Dixon uwanja wa ndege uko karibu na ndege zilikuwa zikinipitia juu ya kichwa kila siku. Alifika mapema kupita kiasi. Nilidhani ni kuniaga. Alikuwa ameshika gazeti lililokunjwa.

"Za jana," alisema. "Jana ilikuwa baridi kuliko siku zote. Soma."

Niliweka begi chini, nikazisogeza dirishani. Ya kulia, karanga. Ya kushoto ilikuwa imepauka, na safari hii haikuwa kazi ya brashi.

"Umekimbiza muda gani?"

"Kidogo tu."

"Ya kushoto ina njaa. Usiiwashe tena mpaka uongeze jeti."

"Nani aongeze?"

"Wewe, Mzee. Umeniona nikifanya mara mia."

Akaninyooshea mikono yote miwili, viganja chini. Ilikuwa inatetemeka. Sijui ilianza lini. Kwa miaka miwili na zaidi nilitazama alichokuwa ameshika, sikuitazama mikono.

"Punje ya mtama, fundi," alisema. "Na pistoni ni zile zile."

Nilitazama saa. Nikamwambia aendeshe. Njia nzima mpaka Mississauga nililalamika: kwamba angeniambia jana, kwamba hakuna mtu duniani anayekwenda kupanda ndege kupitia kwenye kabureta, kwamba aache kwenda ziwani kwenye baridi ya namna ile. Aliendesha kwa kasi ya mtu anayepeleka mayai sokoni.

Kwa mazoea nilifungua begi nikatoa spana yangu mwenyewe. Nilifungua kabureta nikiwa na koti la safari, petroli ikanimwagikia mkononi mpaka kwenye kiwiko, nikaweka jeti kubwa kwa namba moja, nikafunga, nikaweka plagi mpya. Dakika ishirini. Za zamani nilizichomeka mfukoni na gazeti lake bila kufikiri.

Mlangoni pa uwanja hakuzima gari. Alisema, "Nikikuta nyeupe tena nitakupigia simu." Nikamwambia apige, na asifute kwanza. Nikaingia.

Kwenye foleni ya ukaguzi ndipo nilipokumbuka spana. Ilikuwa imebaki mezani kwake, na nina hakika alipofika aliifuta. Ndege ilikuwa imebakiza dakika hamsini, na mzee mmoja wa ukaguzi, mwenye masharubu meupe, akanivuta pembeni kwa sababu nilikuwa nanuka petroli. Akalifungua gazeti. Akaniuliza ni nini hiki, nikamwambia plagi za pikipiki ya theluji, nikasubiri matatizo.

Akachukua ya kushoto. Akaigeuza polepole chini ya taa, akakunja uso.

"Hii inakosa mafuta," alisema. "Utaunguza pistoni."

Nikamwambia najua, nimeshaongeza. Akatikisa kichwa, akasema vitu vyenye harufu ya petroli haviruhusiwi kupanda ndege, akazitumbukiza zote mbili kwenye pipa, bila kuzifuta.